Hodi Tatu kwa Fundi Semboja

Hodi ya mji haiitikiwi na jirani. Ndivyo alivyowaambia muuza maandazi leo, mlipopita kwake na kopo la Mfuko wa Mji, nanyi mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe weka simu chini, haitakimbia. Methali hii ilianza hivi.

Zamani mji wetu ulikuwa na hodi nyingi mno. Jumatatu walikuja wa mayatima, Jumatano wa wakoma, Ijumaa wa vipofu, na katikati yao yule aliyeunguliwa na nyumba. Watu wakachoka. Mtu akisikia hodi, kabla hajaitika huguna, "Nani tena?" Wazee wakakaa, wakapatana iwe hodi moja tu kwa mwaka, baada ya mavuno, na kila nyumba itoe ilichojaliwa: debe la mahindi, kuku, shilingi, kipande cha nguo. Vyote viingie mfuko mmoja. Mfuko huo uwalishe yatima, uwatunze wagonjwa, na uwaweke wakunga wawili, mmoja kila upande wa mto.

Aliyechaguliwa kupiga hodi hiyo ni Bi Mwanapili, mjane mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo. Adabu yake ilikuwa hii yetu ya siku zote. Hodi tatu, na usipoitikiwa, geuka uende zako bila kinyongo.

Mtaa wa Kinu alikaa Semboja, fundi cherehani. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema, maana ninyi hupenda kumhukumu mtu kabla chai haijapoa. Nguo za Idi za watoto wa jirani alizipunguza na kuziongeza bure. Ila mwaka ule binti yake Mwanakombo alikuwa amerudi nyumbani kungojea uzazi wa kwanza, na Semboja, kwa furaha ya kupata mjukuu, alianza kujibana. Kila alichonacho alikitazama akasema, hiki cha mjukuu.

Siku ya hodi ikafika. "Hodi! Hodi ya mji!" Semboja akaondoa mguu kwenye cherehani, gurudumu likasimama. Akaweka kidole mdomoni kumwashiria mkewe anyamaze. Ikaja hodi ya pili, naye akawa anaitazama sindano. Moyoni alisema, mtaa una nyumba arobaini, jirani ataitika. Hodi ya tatu ilitoka taratibu, kama ya mtu anayejua mna watu ndani. Kisha nyayo zikaondoka. Semboja akacheka kidogo, kicheko cha aibu, akaendelea kushona.

Asilolijua ni kwamba cherehani ile mtaa mzima uliisikia. Ikilia, watu walijua fundi yupo. Iliponyamaza ghafla baada ya hodi, Mzee Kihiyo wa nyumba ya pili, muuza ndizi, akaelewa. "Ikiwa fundi mwenye kazi za mwaka mzima amejificha, mimi na vichane vyangu nitoe nini?" Akanyamaza naye. Wa nyumba ya tatu wakamsikia Kihiyo alivyonyamaza. Kimya kikaenda hivyo mlango kwa mlango mpaka mwisho, na Mtaa wa Kinu, uliosifika kwa ukarimu, haukutoa hata yai.

Mfuko ukapwaya. Miezi miwili baadaye wazee wakamuaga mkunga wa upande huu, kwa masikitiko, maana naye alikuwa na watoto wa kulisha. Semboja aliposikia alisema, "Masikini, pole yake," akakata kitambaa. Hakuunganisha mambo hayo mawili. Nani angeunganisha?

Uchungu ulimshika Mwanakombo asubuhi, jua limekwisha toka. Kufika adhuhuri wanawake walikwisha jua kwamba mtoto amekaa vibaya. Mkewe Semboja akatoka, uso umempauka. "Baba Mwanakombo, hili limetushinda. Mlete mkunga."

Semboja akatoka mbio bila viatu. Akapiga hodi nyumba ya kwanza, na kabla neno halijamtoka lote akaitikiwa, "Karibu, fundi!" Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Siku ile hakujificha mtu. Huyu alibandika maji ya moto, yule alirukia baiskeli kwenda ng'ambo, wanawake waliingia kumshika Mwanakombo mikono. Mtaa wote ulitoka. Aliyekosekana ni mtu mmoja tu, anayejua kumgeuza mtoto tumboni. Wa pekee aliyebaki mjini alikuwa ng'ambo kwa mzazi mwingine, na asingeweza kumwacha.

Darajani Semboja akamkuta Bi Mwanapili.

"Dada yangu, yule mkunga wetu yuko wapi? Nitamfuata popote."

"Amerudi kwao, fundi. Ni mwendo wa siku mbili."

"Mbona mlimwacha aende?"

Bi Mwanapili akamshika mkono. "Twende kwanza kwa mtoto, ndugu yangu."

"Niambie!"

"Tungemlisha nini? Mtaa wenu nilipiga hodi tatu kila mlango, sikuitikiwa hata mmoja. Nikadhani mmekwenda msibani."

Semboja akashika ukingo wa daraja. "Nilikuwa ndani," akasema. "Nilikuwa ndani, Mwanapili. Nilisema jirani ataitika."

Mzee Kihiyo, aliyekuwa akimfuata mbio nyuma, akaketi chini palepale. "Nami nilikuwa ndani, fundi. Nilikungoja wewe."

Mkunga wa ng'ambo alifika alasiri, alipomaliza kwa yule mzazi mwingine. Mwanakombo alipona, kwa rehema ya Mungu. Mtoto, wa kiume, alitoka kimya, na kimya chake hakikuvunjika. Watu husema majuto ni mjukuu. Semboja aliyapata majuto, mjukuu hakumpata.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Angetukanwa, angalau angejitetea. Baadaye Mwanakombo alijaliwa watoto wengine, lakini baba yake hakumpakata hata mmoja bila kwanza kuinamisha uso.

Mavuno yaliyofuata, Bi Mwanapili alimkuta Semboja amesimama nje, anaomba abebe gunia. Wakaenda pamoja. Kwenye mlango mmoja Bi Mwanapili akapiga hodi tatu, kimya, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inatoka dirishani. Akageuka kuondoka, kama ilivyo adabu. Semboja hakuondoka. Hakupiga hodi ya nne, kwa kuwa hiyo haipo. Aliweka kiganja juu ya ubao, akasema kwa sauti ya chini kama anayezungumza na mgonjwa:

"Wewe uliye ndani, sikukasirikii. Mimi pia nilinyamaza hivi hivi, na nikamzika yule niliyewanyima watu kwa ajili yake. Hodi ya mji haiitikiwi na jirani."