Kiti Kimoja cha Kuvukia Atlantiki

Sogeeni, na mwenye simu aizime, maana ugomvi wenyewe uliletwa na simu. Palikuwa na wanawake watatu wa Kariakoo, kila mmoja kajaliwa chake. Siwema alijaliwa miguu. Wifi yake, Mwajabu, alijaliwa kichwa. Jirani yao Mwatumu alijaliwa mapaja ya kupakatia watoto, wake na wa wenzake.

Siwema, mjane, alikuwa akienda Uchina kufuata viatu vya duka lake. Alipanda shirika moja tu la ndege, miaka nenda miaka rudi, hata lilipomlaza kwenye viti vya chuma vya uwanja wa ndege wa ugenini akingoja kuunganisha safari, mkoba kifuani, shingo imekakamaa. Wenzake walimcheka: "Ndege za haraka zipo, we waning'inia huko?" Akaendelea na lile lile. Kila akiruka, shirika lilimwandikia pointi, na pointi zikirundikana unapewa kiti bure.

Aliyemchagulia shirika ni Mwajabu, mkata tiketi wa ofisi moja ya mjini. "Usirukeruke kama panzi, wifi. Hawa wana ubia na wale wanaovuka Atlantiki. Ipo siku tutauhitaji." Neno la siri la akaunti alilishika yeye. Pointi zile zina roho, usipozigusa zinakufa. Kila zilipotaka kukata roho, Mwajabu alizihuisha. Naye kawapandisha ndege nusu ya Kariakoo, mwenyewe hajaonja hata chai ya angani.

Na Mwatumu? Alibaki na Zamda, binti pekee wa Siwema. Mtoto aliposhikwa na degedege, aliyekesha ni yeye. Alipovunja ungo, Mwatumu akawa somo wake, akamweka ndani, akamfunda, akamtoa mwari anang'aa. Bila mapaja hayo, ile miguu isingevuka hata Mnazi Mmoja.

Zamda akaolewa Marekani, akashika mimba, na hana mtu wa kumkalia arobaini. Pointi zilitosha kiti kimoja. Viza waliomba wote watatu, kwa kuhofia atakayenyimwa, wakapata wote. Siwema hakuuliza nani anakwenda. Mama ni yeye, pointi ni zake, aulize nini? Akanunua sweta.

Siku hiyo yuko dukani anampimisha mteja kiatu, simu ikalia. Ujumbe wa shirika unamshukuru: pointi zimetumika, abiria ni Mwatumu.

Akamvua mteja kiatu, akafunga duka.

Kwa Mwatumu aliwakuta wote wawili wanapanga mkaja wa kumfunga mzazi tumbo na uzile wa kutilia uji wake ndani ya begi. Wakaacha kupanga.

"Endeleeni. Au nimewatisha, mimi mpita njia?"

"Wifi, keti kwanza."

"Sikufuata mkeka. Neno la siri nilikupa ulilinde au uniibie?"

"Zamda ndiye aliyeniomba," Mwajabu akasema. "Ningekuwa mwizi ningeandika jina langu, na Mungu anajua nilivyokitamani kiti hicho."

"Na we Mwatumu! Si juzi tu umenisaidia kuchagua sweta?"

Mwatumu akainamia begi. "Nilikosa pa kuanzia, mama Zamda."

Siwema akampigia binti yake hapo hapo.

"Mwanangu, umenikataa?"

"Mama, kila nilipougua ulikuwa Uchina. Safari hii naogopa. Namtaka yule ambaye mkono wake naujua."

"Na karo yako ilikuwa ikinyesha na mvua?"

Zamda akalia. Siwema akakata simu.

Tiketi inafutika mpaka jua lizame; pointi zinarudi, linaandikwa jina jingine. Mwajabu akamtamkia lile neno la siri mbele ya wote. "Chukua chako. Futa ukitaka." Mwatumu naye akatoa nguo zake, mkaja na uzile, akaliacha begi tupu katikati ya chumba. "Atakayekwenda ajaze."

Siwema kaketi kizingitini, kidole juu ya kioo cha simu. Akifuta, atamfikia mtoto aliyemgeuzia uso. Akiacha, mjukuu wake wa kwanza atapokewa na jirani, tena kwa miguu ya Siwema mwenyewe, aliyelala kwenye vyuma.

Haya, mmesikia. Miguu ilizichuma pointi, kichwa kikazitunza, mapaja yakamlea mtoto. Na asiniambie mtu eti wagawane; kiti cha ndege hakikatwi vipande. Jua ndilo hilo linashuka. Ungekuwa wewe pale kizingitini, ungemkalisha nani?