Madirisha ya Sungura

Nisameheni mapema, wanangu. Hadithi hii nitaisimulia vibaya. Sauti yangu ni ya bata aliyemeza kokwa, na kila nikikaribia penye kuchekesha, nacheka mwenyewe kabla yenu. Mkichoka, pigeni miayo kwa adabu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika na kugombana na majirani, Mzee Kiboko alikuwa na nyumba bondeni, na nyuma yake shamba la viazi vitamu. Mpangaji wake alikuwa Kobe. Sungura alipita hapo kila asubuhi, akitazama yale matuta na kumeza mate: gulu!

Siku moja Sungura akamjengea Kiboko ua wa matete. Bure!

"Bure?" Bi Kanga, jirani yao, akashtuka. Sungura hajawahi kumpa mtu bure hata salamu.

"Heshima tu, dada," Sungura akasema. "Mzee wetu atakulaje huku kila mpita njia anamkodolea tonge?"

Lakini kwenye ua ule aliacha madirisha mawili madogo, moja huku, moja kule mwisho, kila moja na kipande cha mkeka. Kanga akajiuliza: ua wa kuzuia macho, madirisha ya nini? Akaanza kumchunga Sungura.

Adhuhuri moja Sungura akapiga mayowe. "Jamani! Mzee Kiboko anamuua mpangaji! Njooni mwone kwa macho yenu!"

Pu! Pu! Pu! Wakaja Tembo, Kifaru na Nyati. Kanga akajipenyeza katikati ya miguu yao mpaka mbele.

Sungura akainua mkeka wa kule mwisho. Kobe huyo, kichwa nje, anatabasamu. Mkeka chini!

Akakimbilia dirisha la huku, akainua. Kiboko huyo, mchi juu, meno nje, jasho linamchuruzika. Mkeka chini! Twa! Twa! "Uwiii!"

Mbio tena kule mwisho. Kobe huyo, kalala. Hana kichwa! Hana miguu!

"Lo!" Tembo akalia. "Nimeona mwenyewe!"

"Si Kobe huwa anajiingiza ndani?" Nyati akauliza.

"Anajiingiza kwa raha au kwa woga, kaka?" Machozi yalishaanza kumlengalenga Sungura.

"Kwa woga!" Kifaru akafoka. "Kiboko ahame leo hii, na asirudi!"

"Na shamba lake?" Tembo akauliza.

"Nitaliangalia mimi," Sungura akasema kwa unyonge. "Nitajikaza."

Kanga hakutulia. Ile "Uwiii!" mbona ilimpiga sikioni kutoka huku nje? Halafu yeye ni mla nafaka, na jicho lake halikosi punje. Ncha ya ule mchi ilikuwa nyeupe. Unga wa mahindi! Tangu lini mgongo wa Kobe ukatoa unga?

"Bwana Sungura, hebu inua mikeka yote miwili pamoja."

"Dada, mikono yangu mifupi."

"Nyati atakusaidia."

"Mengine hayafai macho ya akina mama!"

"Ehee! Tembo, hebu uegemee huo ua, uonekane umechoka."

"Ua wa watu jamani!" Sungura akaruka. "Nimetoka jasho miye!"

Tembo akaegemea. Krrraa! Matete yote chini.

Huku, Mzee Kiboko alikuwa kwenye kinu, anatwanga mahindi, twa, twa, mate yakimtoka kwa njaa. Kule, mbali kabisa, mwisho wa uwanja, Kobe alikuwa chini ya mpapai akikoroma: khrrr.

Kishindo kikamwamsha. Kichwa kikachomoza polepole.

"Ugali umeiva?"

Kifaru alikuwa anatazama kucha zake. Tembo akasema kwa sauti ndogo, "Lakini niliona..."

"Uliona ulichofunuliwa," Kanga akasema.

Kiboko akabaki kwake. Sungura ndiye aliyehama bonde, siku ile ile.

Basi wanangu, ukionyeshwa vipande vipande, uliza kwanza nani kashika mkeka.

Mnasemaje? Sungura hakujitetea? Alijitetea, tena vizuri mno, mpaka Nyati akalia. Maneno yake yote nimeyakata mimi. Yalikuwa yananiharibia hadithi.