Jiwe Lililosikia Neno Vibaya

Enzi hizo mawe yalitembea. Msicheke, nyinyi mlioshuka kwenye gari kuja kulishangaa Jiwe la Ufa. Mimi nilicheka niliposimuliwa na bibi yangu, nikafinywa sikio. Mawe yalikuwa na miguu mifupi minene, na yalizunguka nchi hii yote yakitafuta mahali pa kupumzika. Yalikuwa na adabu kuliko watu wengi ninaowajua. Jiwe halikuketi popote mpaka mwenyeji aliambie karibu. Likishaambiwa hivyo liliketi, miguu ikayeyukia ardhini, na halikuinuka tena.

Kwa hiyo watu walichunga sana midomo yao. Ukitaka jiwe la kusagia ulisubiri lipite la ukubwa unaoutaka, ukalikaribisha hadi jikoni. Mafiga yalikaribishwa matatu matatu. Lakini jiwe kubwa likibisha hodi ulilijibu kwa upole, "Pita salama," nalo likapita, maana hakuna aliyetaka mlima uani kwake.

Lilikuwapo jiwe moja kubwa kuliko nyumba nne zikiwekwa pamoja. Tangu ujana wake lilikuwa likiambiwa pita salama, pita salama, mpaka likaacha kabisa kubisha hodi. Likaona afadhali liwe linaomba maji tu, linywe, liende zake. Mimi nalihurumia jiwe lile, na sioni haya kulisema.

Hapa kwetu Igunya palikuwa na kisima kimoja tu, na mwenye kisima alikuwa Lugembe. Kiangazi kile kilikuwa kikali, tope likaziba jicho la kisima, kukawa hakuna hata tone la kulowesha ulimi wa ndama. Basi asubuhi moja Lugembe akashuka chini kwa kamba, kina cha watu watatu, akaanza kufukua. Mkewe, Nyanzala, alisimama juu akivuta kapu la tope, kulimwaga na kulishusha tena. Mama yake Lugembe, Bibi Milembe, alikaa pembeni akisambaza lile tope kwa jembe.

Kufikia adhuhuri Nyanzala mikono ilikuwa imechubuka na jua limemchoma mgongo. Ndipo kivuli kikamfunika. Akadhani ni wingu, akashukuru kimoyomoyo. Mawe yalikanyaga taratibu yasije yakaharibu mazao ya watu, kwa hiyo hakusikia kishindo chochote. Alisikia sauti tu nyuma yake, nzito, kama ya mtu mwenye mafua.

"Mama, shikamoo. Natafuta maji ya kunywa. Kisima kiko mbali?"

Nyanzala alikuwa amelivuta kapu hadi ukingoni, limejaa, linamshinda. Hakugeuka. Alimjibu kama ambavyo yeyote kati yetu angemjibu msafiri aliyekwisha kufika: "Marahaba. Karibu!"

Alimaanisha kisima ki karibu. Ki hapo hapo, kimebaki hatua mbili! Lakini jiwe lilikuwa limesubiri neno lile maisha yake yote. Likasema, "Ahsante, mama. Ahsante sana," na sauti ikalikatika kwa furaha. Halafu likaketi. Kwa ukubwa wake halikuwahi kuona miguu yake yenyewe, sembuse tundu lililokuwa mbele yake. Liliketi juu ya kisima.

Nyanzala alirushwa kando, akaanguka kifudifudi na kapu lake mkononi, kamba imekatika. Alipoinua kichwa hakuamini. Mahali palipokuwa na kisima palikuwa na ukuta. Alitazama kapu, akatazama ukuta, akatazama kapu tena. Bibi Milembe naye alibaki na jembe hewani, kinywa wazi.

Chini ya jiwe ikasikika sauti ndogo. "Nyanzala! Mbona giza? Kuna nini huko juu?"

Yu hai! Nyanzala akalikimbilia jiwe akalipiga kwa viganja vyote viwili. "Inuka! Mume wangu yumo humo! Inuka!"

"Siinuki tena, mama," jiwe likasema kwa mshangao. "Wewe mwenyewe umeniambia karibu."

"Sikusema hivyo! Nilisema karibu..."

Jiwe likazama shubiri moja. Ndivyo yalivyofanya mawe yakisisitiziwa neno lile, yalijituliza zaidi. Huko chini udongo ukaporomoka, Lugembe akapiga kelele.

"Hapana, nisikilize! Karibu ile siyo karibu..."

Likazama mara mbili mfululizo. Nyanzala alijishika kichwa. Kila alipofungua mdomo kumwokoa mumewe alikuwa anamzika, na alitambua hivyo neno likiwa limekwisha kutoka. Nawaapia, bibi yangu alipofika hapa alijishika mdomo kila mara, na alikuwa ameisimulia hadithi hii miaka sitini.

Bibi Milembe alitupa jembe, akaruka kwa miguu yake ya uzee na kumziba mkwewe mdomo kwa mkono wenye tope. "Nyamaza, mwanangu! Usilitamke tena. Utaniulia mtoto."

Majirani wakaja mbio. Wakatia magogo kuliinua, magogo yakavunjika. Wakachimba pembeni, wakakuta mwamba. Na Lugembe akaita tena, safari hii sauti imebadilika. "Mama! Nilikuwa nimeshafungua jicho la kisima. Maji yanakuja. Yamefika kiunoni!"

Maji waliyoyalilia kiangazi kizima, leo yamekuja. Watu walitazamana, kila mmoja akaona hofu yake usoni kwa mwenzake. Mwanamke mmoja alianza kulia kilio cha msiba, Bibi Milembe akamfokea, "Mwanangu hajafa! Kaa kimya."

Akamgeukia Nyanzala. "Umeliambia jambo kwa neno moja. Liambie jambo lile lile kwa neno jingine."

Jambo hilo laonekana jepesi. Jaribuni nyinyi, mtu wenu akiwa anazama!  Nyanzala alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua. "Yako kifuani," Lugembe akasema, na hakuwa anapiga kelele tena.

"Si mbali," Nyanzala akasema.

Jiwe likauliza, "Nini si mbali?"

"Kisima. Uliniuliza kisima kiko mbali, nami nilitaka kukujibu si mbali. Nilikuwa nimekupa mgongo. Nilidhani ni mtu apitaye njia. Nilikuelekeza njia, bwana mgeni. Sikukualika."

 Jiwe likajibu kwa sauti ya chini sana. "Kwa hiyo nimeketi kwa watu bila kualikwa."

 Nyanzala aliinamisha kichwa.

"Na nimemkalia mwenye nyumba." Jiwe likaendelea: "Siwezi kuinuka, mama. Miguu sina. Ila sogeeni, ninyi nyote. Mchukueni na huyo bibi."

Likapasuka. Lilipasuka toka utosini hadi chini, kwa mlio uliowaangusha watu na kuwakimbiza ng'ombe hadi kijiji cha pili. Walipofumbua macho waliona ufa wenye upana wa mtu mmoja, na katika ufa maji yanapanda, na juu ya maji kichwa cha Lugembe, macho yamemtoka, anakohoa. Mkewe alimshika nywele na mama yake akamshika mkono.

Baada ya kumlaza mumewe juani, Nyanzala alinawa uso, akaliendea jiwe. Akaweka mkono kwenye ubavu wake uliovunjika. Watu walipojua anataka kusema nini walipiga mayowe, wengine wakakimbilia kumshika. Hakuwasikiliza. Alisema kwa sauti, akilielekea, akimaanisha: "Karibu. Karibu sana nyumbani."

Jiwe halikuzama hata unene wa kucha. Walisubiri mpaka jua likachwa, na jiwe halikuzama. Hapo ndipo walipojua kwamba limekufa, na Nyanzala akalia kama anayemlilia ndugu wa tumbo moja.

Habari zikayafikia mawe mengine. Yaliyokuwa njiani yaliketi pale pale kwa woga wa kulisikia neno vibaya, bila kungoja mwenyeji. Yaliyokuwa yamechoka yakabebwa migongoni mwa wenzao yaliogopa kushuka, ndiyo hayo mnayoyaona yamesimama juu ya mengine mnadhani yataanguka. Hayajatembea wala kusema tena.

Na tangu siku hiyo maji ya Igunya hutoka ndani ya jiwe, na waliojenga barabara ya lami walilizunguka kwa sababu wazee wetu walilala mbele ya mitambo yao. Na tangu siku hiyo mtu wa hapa ukimuuliza umbali wa mahali popote atakujibu si mbali, hata kama ni mwendo wa kutwa nzima. Wageni hurudi na malengelenge wakituita waongo. Tunawaomba radhi, tunawapa maji. Lakini neno lile hatumpi mtu anayeuliza njia. Tunampa mgeni tu, na tukimpa tunageuka kwanza tukamtazama usoni.