Daktari Fisi na Meno ya Homa

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiongea, wakipika na kuhudhuria vikao kama watu, Mama Simba alijaliwa mtoto mmoja. Akamwita Shibe. Lilikuwa jina la matumaini, maana Mama Simba alikuwa anaijua njaa.

Shibe alifika ule umri wa kutia kila kitu mdomoni: kokoto, mkia wa mama yake, matope ya kidimbwi wanamokoga nyati. Siku moja akaamka na homa. Akahara. Fizi zikavimba, akakataa kunyonya, akawa analia tu.

Majirani wakaja, na wote walikuwa na neno lile lile. Walimwambia Mama Simba kwamba hayo ni meno ya homa. Yamejificha ndani ya ufizi, na yasipong'olewa kabla hayajachomoza, mtoto haponi. Ukiwauliza nani kasema, walijibu kwamba kasema Daktari Fisi. Ukiuliza yeye kaambiwa na nani, kila mmoja alikumbuka kwamba ameacha chungu jikoni.

Msidhani Fisi alikuwa daktari wa kujipachika. Alikuwa na cheo, tena kirefu: Mng'oaji Mkuu wa Meno ya Homa kwa Watoto. Alipewa na Baraza la Afya, ambalo vikao vyake vilifanyika ukingoni mwa mto kwa sababu mwenyekiti wake, Mzee Kiboko, hakuwa tayari kutoka majini. Baraza lilikuwa na kanuni pia: mng'oaji afanye kazi yake chini ya kanga, mtu yeyote asichungulie, kwa kuwa meno ya homa yakiona mwanga hurudi ndani. Kanuni hiyo aliiandika Fisi mwenyewe. Baraza liliipitisha upesi, kabla chai haijapoa.

Sasa, nyuma ya nyumba ya Mama Simba palikuwa na kichuguu, na ndani ya kichuguu alikaa Nguchiro. Huyu alikuwa mdogo, mwepesi, na pua yake ilifika mahali kabla ya salamu zake. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kuuliza.

Alipokuja kumjulia hali mtoto, alimtazama Shibe mdomoni, akamnusa, akamnusa tena, kisha akataka kujua ni watoto gani wengine waliowahi kung'olewa meno hayo. Mama Simba akamtajia: mtoto wa Chui, mtoto wa Duma, watoto wa Mbwa-mwitu.

Na watoto wa Swala, je, hawajahara mwaka huu? Walihara sana, alisema Mama Simba, ila wao daktari aliwaambia wanywe maji safi.

Na watoto wa Fisi mwenyewe? Mama Simba akafikiri. Hao hakusikia wameng'olewa chochote.

"Mama Shibe, nikuulize kitu," alisema Nguchiro.

"Uliza. Wewe hata ukikatazwa utauliza."

"Haya meno ya homa yanajuaje nani anakula nyama?"

Nguchiro hakungoja jibu. Alikimbia, tiki-tiki-tiki, mpaka kwa Chui, akamkuta yule mtoto aliyeng'olewa zamani. Sasa amekuwa kijana mkubwa, mabega mapana, lakini mama yake amekaa karibu naye anamtafunia nyama. Nguchiro akaomba kwa adabu aangalie kinywa. Magego yalikuwepo. Meno ya mbele yalikuwepo. Mahali pa chonge, yale meno marefu ya kukamatia, palikuwa na mashimo matupu.

Aliporudi na habari hizo, Mama Simba alimkumbatia mwanawe aliyekuwa anachemka kama chungu.

"Na kama umekosea wewe," alisema, "mwanangu akafa?"

"Basi usiniamini mimi. Mwangalie daktari akimtibu mwingine kwanza, halafu uamue kwa macho yako. Wakati huo mpe Shibe maji ya chemchemi, kidogo kidogo, bila kuchoka. Maji hayajawahi kumng'oa mtu kitu."

Mama Simba akakubali. Nguchiro akaenda kwa Bibi Kobe, ambaye mtoto wake alikuwa anaota jua juu ya jiwe. Aliomba kuazimwa huyo mtoto kwa muda mfupi, akaeleza kwa nini. Bibi Kobe hakuwa mtu wa kujibu haraka. Nguchiro alipokuwa ameshakata tamaa na kugeuka kuondoka, ndipo jibu lilipofika, na lilikuwa ndiyo, kwa sharti kwamba mama aende na mwanawe.

Kule mtoni kikao kilikuwa kimeanza. Daktari Fisi alikuwa ameketi, ubavuni ameweka mwiba wa nungunungu aliokuwa anafukulia fizi. Mama Simba alikuja na Shibe mikononi, na nyuma yake Nguchiro na furushi lililofungwa kwa kanga. Bibi Kobe alikuwa bado yuko njiani, anakuja.

Nguchiro akasema kwamba hiki ni kitoto anachokitunza, kimepata joto tangu asubuhi, naye anaomba kitibiwe kabla ya mtoto wa Simba. Mama wa watu ana hofu, mtoto ni wa kwanza, akiona kazi ya daktari moyo wake utatulia.

Mzee Kiboko aliinua pua juu ya maji akauliza kama maombi hayo yalipitia ofisini. Nguchiro akajibu kwamba ofisi ilikuwa imefungwa, watu wote wako kwenye kikao. Mwenyekiti akalipima jibu hilo, akaona halina kasoro.

"Mlete," alisema Fisi. Akaligusa furushi. Lilikuwa la moto kwelikweli, maana jua la mchana lilikuwa limeingia gambani. "Homa kali."

"Na ugumu huu, Daktari?" aliuliza Nguchiro.

"Mwili umekakamaa. Ukiona hivyo, ujue meno yamekomaa."

Wajumbe walitikisa vichwa kwa huzuni. Fisi akaingiza mkono na mwiba chini ya kanga.

Mkono ukasimama. Kile kinywa kilikuwa kidogo, hakina ufizi wa kufukua, ukingo wake mgumu kama ukucha. Fisi akainua macho, akakutana na macho ya Mama Simba, ambayo hayakupepesa. Akisema hapa hakuna meno ya homa, itakuwa mara ya kwanza mtoto aliyeletwa kung'olewa kukosa meno hayo, na yule mama atauliza kama wake naye hana. Fisi akakohoa. Mkono ukaanza kukwangua, krr, krr, akanong'ona maneno ya kidaktari, na ulipotoka, kiganjani mlikuwa na vitu vinne vidogo, vyeupe.

"Haya hapa," alisema. "Angalieni wenyewe."

Vile vitu vikapitishwa kwa wajumbe. Kila mmoja aliviangalia kwa muda unaolingana na cheo chake. Mzee Kiboko alivisogeza karibu na jicho, akatamka kwamba tangu ashike kiti hiki hajaona meno mabaya kama haya.

"Mzee Mwenyekiti," alisema Nguchiro, "una hakika ni meno?"

"Baraza lina hakika."

"Ya mtoto huyu?"

"Umeona yametoka wapi."

"Basi naomba iingie kwenye kumbukumbu za kikao."

Ikaingia. Ndipo Nguchiro akafungua kanga.

Kichwa kidogo kikatoka gambani, kikapepesa macho kwa ule mwanga, kikapiga mwayo mrefu. Ndani ya kinywa kulikuwa kutupu kama ndani ya kijiko. Hakuna jino, wala dalili ya jino, wala nafasi ya kuliweka.

"Kobe," alisema Mzee Kiboko.

"Kobe," lilikubali Baraza.

Wakati huo Bibi Kobe mwenyewe ndiyo kwanza anafika. Akamchukua mwanawe, akawaeleza wajumbe taratibu kwamba katika ukoo wao hajawahi kuzaliwa mtu mwenye jino, na babu yake aliwazika wenyeviti wote wa Baraza hili waliotangulia bila kuwa na hata moja. Nguchiro akaokota kimoja cha vile vitu vyeupe, akakitafuna, kwacha.

"Mbegu ya boga," alisema. "Imekaangwa. Tena ina chumvi."

Mama Simba hakucheka. Alikuwa anamwangalia Fisi kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mtoto wa Chui," alisema, "yeye ulimtoa mbegu?"

Fisi akawa anautazama mto.

"Kwake ulifukua kweli. Mbegu ni za siku unapokosa cha kutoa." Mama Simba aliongea polepole, kila neno likifungua lingine. "Chui asiye na chonge hawindi. Duma asiye na chonge hawindi. Kesho na simba naye. Halafu mawindo yote ya mbuga hii ni ya nani, Daktari? Mwanangu angekuwa anangoja makombo yako."

Mzee Kiboko alipendekeza iundwe kamati ya kuchunguza kama ile kanuni ya kanga ilipitishwa kihalali. Hakuna aliyemsikiliza. Mama Simba alikuwa amemkabidhi Shibe kwa Nguchiro, amesimama.

"Fungua mdomo," alimwambia Fisi.

"Mimi sina homa, Mama Shibe."

"Utakuwa nayo sasa hivi."

Fisi akacheka. Alianza na kicheko kidogo, cha mtu anayeomba jambo lichukuliwe kuwa mzaha. Mama Simba akapiga hatua. Kicheko kikakua. Fisi akarudi nyuma huku anacheka, ameshusha makalio, kisha akageuka akatimua mbio, na kicheko kikasikika kikipotea majanini. Mpaka leo anacheka vivyo hivyo. Ukimsikia, ujue bado anaeleza kwamba alikuwa anatania.

Na Shibe? Alikunywa yale maji ya chemchemi, kidogo kidogo, mama yake akimnywesha bila kuchoka. Kuhara kukakoma, joto likashuka, akanyonya. Baadaye ncha nyeupe zikachomoza kwenye ufizi, mbili juu, mbili chini. Nguchiro, ambaye hakuwahi kuziona chonge za simba zikiwa changa, alikuja kuzichungulia kwa karibu, na akawa mnyama wa kwanza kung'atwa nazo. Alilalamika, lakini alipofika kichuguuni alikuwa anazisifu.

Mimi niliyoyapokea nimeyafikisha, nanyi yafikisheni mbele: anayetaka kung'oa jino la mwanao, muulize kwanza linamsumbua nani.