Mwiko wa Pepo Mbweha

Nikiita, mtaitika?
Tutaitika.
Nikipika, mtakula?
Tutakula.
Nikikoroga?
Koroga, tunakusikia.

Basi sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kutafuna, au tafuna polepole.

Alikuwepo, na kama hakuwepo mimi nimemtoa wapi, mwanamke mmoja wa kijiji cha Tongwelele, jina lake Mashavu. Mashavu alikuwa mpishi wa shughuli. Mtu akizaliwa, anaitwa Mashavu. Mtu akioa, anaitwa Mashavu. Mtu akifa, anaitwa Mashavu. Sufuria zake zilikuwa kubwa mpaka mbuzi mzima alijificha ndani ya moja, na siku hiyo alichagua vibaya.

Mumewe aliitwa Mlinga. Mtu mpole, mkulima wa mihogo, na alikuwa na sauti nzito ajabu. Akikohoa shambani kwake, mbwa wa kijiji cha pili wanainuka. Kutwa hafikishi maneno kumi, lakini hayo tisa anayosema unayasikia mpaka kwenye mbavu.

Kijiji kilikuwa na jumbe, Jumbe Sengondo. Mrefu, mnene, kanzu safi, kofia safi. Shida yake ilikuwa moja tu: sauti. Ilikuwa sauti ya kifaranga. Jumbe akisimama kutoa amri, matetea wa kijiji huja mbio, kila mmoja akidhani mwanawe kapotea.

Siku moja baada ya mvua kubwa, Mashavu alishuka bondeni kuchuma mchicha. Akaona mwiko umechomeka kwenye tope. Mweusi, mzito, mpini wake umechongwa kama mkia. Mpishi akiona mwiko mzuri, mnajua wenyewe. Akaufuta kwa khanga, akaenda nao nyumbani, akautia kwenye chungu cha uji, akakoroga mara moja.

Uji ukawa maharage.

Na upande wa pili wa ua akamsikia jirani yake, Bi Chiku, akilalamika, "Jamani, maharage yangu yamekuwa uji."

Mashavu hakukoroga tena. Aliutoa mwiko ule, akaufunga kwenye gunia, akaupeleka kwa jumbe.

"Jumbe," akasema, "kitu hiki si cha kukaa jikoni kwa mtu. Kiweke mpaka mwenyewe apatikane."

"Umefanya vyema, Mama Sikitu," akasema jumbe kwa sauti yake ile. Tetea mmoja akachungulia mlangoni. "Kwangu kitakuwa salama."

Mama Sikitu ndiye huyo huyo Mashavu. Sikitu ni binti yake, na Sikitu alikuwa anaolewa Ijumaa.

Sasa tegeni masikio. Alhamisi asubuhi kijiji kizima kilikuwa uwanjani, kinajenga banda la harusi mbele ya nyumba ya jumbe. Mlinga anaelekeza watu wa nguzo. Bi Chiku anaongea, maana Bi Chiku huongea. Punda wa Bi Chiku analia. Tetea wa Bi Chiku anatetea, kataga yai anataka dunia ijue. Mashavu peke yake yuko kimya, kwa sababu anaonja mchuzi na mdomo umejaa.

Mara ukapita upepo. Kru, kru, kru, kama mtu anakwangua ukoko chini ya sufuria.

Mlinga akafungua kinywa aseme nguzo isogezwe kushoto. Ikatoka, "Ko-ko-ko-koo."

Bi Chiku akafungua kinywa amcheke. Akalia kama punda, mlio mrefu, mpaka ukaya wake wa kichwani ukamdondoka.

Punda akainua kichwa, na kwa sauti ya Bi Chiku akasema, "Hamjambo? Mimi nilishasema, banda hili liko karibu mno na choo."

Na yule tetea akapanda juu ya jiwe, na kwa sauti nyembamba ya jumbe akaanza kuamuru kuku wenzake wajipange mstari.

Kila aliyekuwa akisema alichanganyika na mwingine. Waliokuwa kimya walibaki na sauti zao, na katika Tongwelele nzima waliokuwa kimya ni Mashavu na watoto wachanga wawili waliolala.

Jumbe akatoka nyumbani kwake. "Kuna nini, watu wangu?" akauliza.

Sauti ya Mlinga. Nzito, imeshuka mpaka chini, inatetemesha mabati ya watu.

Mashavu, bila kufikiri, akaitika, "Abee, Baba Sikitu." Kisha akaona haya, akajifunika khanga.

"Hii," akasema jumbe, na aliposikia jinsi neno "hii" lilivyotoka akalirudia, "hii ni kazi ya Pepo Mbweha wa mlimani."

Mnacheka. Lakini fikirini. Kesho yake harusi. Baba wa binti lazima aulizwe mbele ya watu, umeridhia? Na lazima ajibu kwa kinywa chake, nimeridhia. Jioni ile Mlinga alijaribu nyuma ya nyumba. "Ko-koo." Akajaribu polepole. "Ko. Koo." Mashavu alimkuta ameketi juu ya kinu, machozi yanamtiririka, mtu mzima. Akakaa naye tu juu ya kinu, wakabanana.

Ijumaa asubuhi Pepo Mbweha akashuka mwenyewe.

Mbweha, ndiyo, lakini mkubwa kama fahali. Mwekundu, mikia mitatu. Akipita karibu na mtungi, maji yanachemka. Akikanyaga majani, yanakauka. Akaja mpaka katikati ya uwanja, akakaa kitako, akaikunja mikia yake vizuri mmoja mmoja, kama mgeni anayeogopa kukanyaga mkeka wa watu.

"Mwiko wangu," akasema. "Naomba mnirudishie."

Jumbe akasimama, akasema kwa sauti yake mpya, "Watu wangu, msimsikilize. Huyu ni mwizi wa kuku. Pepo mwenye nguvu namna hii mkimpa mwiko, ataikoroga milima ituangukie. Mimi ndiye nitakayeushika. Nitaukoroga mara moja tu, huyu ageuke jiwe, na sauti zenu zirudi."

"Mwiko huo una mwiko wake," akasema Pepo Mbweha. "Umeshakoroga mara mbili katika mikono isiyo yake. Mara ya tatu utakoroga kijiji. Nyumba na mto, watu na mawe. Hapo hata mimi siwezi kuwatenganisha."

"Muongo," akasema jumbe. "Umekoroga mara moja, kwa Mama Sikitu, maharage. Mara ya pili ilikuwa lini?"

Watu wakatazamana. Wengine wakalia kama mbuzi, wengine kama bata. Kila mtu alikuwa na maoni, na hayakueleweka hata moja. Basi macho yote yakamgeukia Mashavu.

Mashavu akaweka chini upawa aliokuwa ameshika, akamsogelea Pepo Mbweha mpaka akalisikia joto lake usoni.

"Kwa nini usiuchukue kwa nguvu?"

"Ukinyang'anywa, unakoroga wenyewe. Lazima nipewe."

"Haya. Mwezi uliopita Bi Chiku alipoteza kuku mweupe. Ulimla?"

Pepo Mbweha akatazama pembeni. "Kuku mweupe," akasema. "Sasa, kuku mweupe yupi, maana wapo wengi. Kama ni yule wa karibu na kisima, yule mimi nilimkuta ana homa. Nikasema nimpeleke kwa shangazi yake, ng'ambo ya mlima, huko hewa ni nzuri. Njiani akaniambia, mwenyewe, kwamba amechoka na maisha ya bandani, na mvua nayo ikaanza kunyesha, na mimi mdomo nilikuwa nimeufungua kwa sababu ya kupiga miayo..."

"Na jogoo wa imamu?"

"Jogoo wa imamu ni jambo refu. Kwanza babu yake na babu yangu waliwekeana nadhiri..."

"Na bata wangu?"

"Bata yule hakuwa bata. Ukimtazama vizuri, kwa upande wa kushoto, hasa jua likiwa linazama..."

Bi Chiku akalia kama punda, kwa hasira. Punda naye akasema, "Nilijua."

"Basi," akasema Mashavu. "Mwiko ni wa nani?"

"Wangu."

"Ulifikaje bondeni?"

"Nililala. Ukaniponyoka."

"Utaufanyia nini?"

"Nitazirudisha sauti zenu. Kisha nitaufungia pangoni."

"Tukikunyima?"

"Mtakwisha."

Hata tetea juu ya jiwe aliacha kuamuru.

"Mnasikia?" Mashavu akawageukia watu. "Akidanganya, maneno hayamwishi. Nimemuuliza ya kuku, tumekaa hapa mpaka mchuzi wangu umeanza kushika chini. Nimemuuliza ya mwiko, amejibu kama mtu anayekata kuni. Mwizi ni mwizi. Lakini la mwiko simwoni akilidanganya."

"Hiyo si hoja," akasema jumbe.

"Kweli, peke yake haitoshi. Na wewe nikuulize, jumbe. Alhamisi asubuhi uliushika mwiko?"

Jumbe akajiweka sawa kofia. "Sikuushika," akasema.

Sasa, nyinyi wenye ndoa mtanielewa. Mashavu alikuwa ameishi na sauti ile miaka ishirini na mbili. Anaijua ikiwa na njaa. Anaijua ikiwa na homa. Na anaijua ikidanganya, maana Mlinga naye ni binadamu, na katika miaka ishirini na mbili alishawahi kusema hakupita kwenye pombe. Sauti ile ikisema kweli inashuka mpaka chini kabisa. Ikidanganya, inafika katikati, inapasuka, kama fimbo mbichi. Na neno "sikuushika" lilikuwa limepasuka vipande viwili mbele ya watu wote.

"Sema tena," akasema Mashavu, polepole.

"Sikuushika." Ikapasuka.

"Mara ya tatu, Baba Siki... jumbe."

"Si-kuu-shika." Ikapasuka vipande vitatu, na Mlinga kule kwenye nguzo akainamisha kichwa kwa aibu, kana kwamba ndiye aliyeulizwa.

"Umeiba sauti ya mume wangu," akasema Mashavu, "lakini hukujua kuitumia. Sauti hiyo haiwezi uongo. Mimi ndiye niliyeifundisha."

Jumbe akakimbilia ndani. Akatoka na mwiko mkononi, akausimamisha juu ya sufuria kubwa ya Mashavu, mchuzi unatokota. Watu wakarudi nyuma. Pepo Mbweha akasimama, manyoya yote yamesimama naye, lakini hakusogea hata hatua moja.

"Nitakoroga," akasema jumbe. "Hamjui ninyi. Hamjui mtu kusimama mbele ya watu wake, wanaokuja kumsikiliza wakawa kuku."

Mashavu alimwonea huruma, nasema kweli. Lakini akamwambia, "Koroga basi. Ila fikiria. Safari hii utaangukia kwenye sauti ya nani?"

Hapo hapo punda, aliyekuwa amesimama nyuma ya jumbe kabisa, pua yake karibu na kofia, akakohoa kidogo, akasema kwa upole wa Bi Chiku, "Shikamoo, jumbe. Na miguu nayo tutabadilishana?"

Jumbe akamtazama punda. Akaitazama miguu ya punda. Akaitazama yake. Kisha akaunyoosha mkono, akampa Mashavu mwiko.

Mashavu naye akamkabidhi Pepo Mbweha. "Chukua," akasema. "Mwiko tunakupa. Kuku tutawafungia."

"Ni haki," akasema Pepo Mbweha.

Akaushika mwiko kwa mkia wa katikati. Akauzungusha hewani kinyumenyume, mara moja, mara mbili, mara tatu. Alikorogoa. Neno hilo hamlijui? Sasa mnalijua. Upepo ukapita, kru, kru, kru, ukirudi ulikotoka.

Punda akalia kipunda. Tetea akasema ko. Bi Chiku akaanza kusema yote aliyoyanyamazia tangu Alhamisi, na alimaliza Jumatatu. Jumbe Sengondo akasema, "Nisameheni," kwa sauti ya kifaranga, na matetea watatu wakamkimbilia, wakasimama wamemzunguka. Watu wakamsamehe. Ujumbe wakamwachia, kwa sababu waliulizana nani mwingine anautaka, na kila mtu akakumbuka ana kazi shambani.

Mlinga akaulizwa, umeridhia?

"Nimeridhia," akasema. Ikashuka mpaka chini. Sikitu akalia, bwana harusi akalia, na Mashavu akasema moshi wa kuni umemwingia machoni.

Harusi ikaendelea, sinia zikapita. Ndipo Mashavu akamwona Pepo Mbweha bado amekaa ukingoni mwa uwanja, mwiko ameukumbatia, hali wala haondoki.

"Mbona hujaenda zako?" akamuuliza.

Pepo Mbweha akafikiri. "Vijiji vyote nilivyopita walinipiga mawe," akasema. "Sijawahi kuaminiwa. Mtu akishaaminiwa, anafanya nini?"

"Ananawa mikono," akasema Mashavu, "anakaa na wenzake, anakula."

Wakamletea maji, yakachemka. Wakamletea mengine, akanawa haraka. Akakaa kati ya Mlinga na Bi Chiku, mikia ameikalia isimguse mtu, akala wali wa maharage kwa adabu, punje kwa punje. Baada ya muda akasukuma sahani mbele kidogo, akainamisha macho, akauliza kama upo ukoko.

Hapo chungu nimeepua.
Na sisi tumekula.
Aliyeshiba?
Alale.
Aliyebaki na njaa?
Naye apike yake.