Wimbi la Saa Nne

Hapo zamani, na msinikodolee macho, kwani mwaka juzi nao si umeshapita? Hapo zamani hizo za mwaka juzi, katika mji mmoja wa baridi huko nyanda za juu, palikuwa na taasisi ya kuchunguza ubongo. Ilikuwa na profesa, ilikuwa na madokta, na ilikuwa na muuguzi mmoja, Sista Sekela. Kazi yake ilikuwa kuwavalisha wagonjwa kofia yenye nyaya, ile inayonasa mawimbi ya ubongo. Wahenga walisema akili ni nywele. Basi kwa miaka kumi na moja Sekela alizitenga nywele za watu, akapaka gundi, akabandika nyaya, akaandika kila alichokiona kwenye daftari lake. Wenye akili wakachapisha makala. Jina la Sekela halikutokea hata kwenye shukrani.

Siku moja ikaja barua. Wafadhili wanaleta mafunzo ya wiki mbili: watafiti wa ubongo wafundishwe kuandika programu na kuchambua data. Atakayeonyesha kazi bora atapelekwa kusoma shahada miaka miwili, kila kitu juu yao. Nafasi moja tu. Sekela aliisoma barua mara tatu. Aliitaka nafasi ile, jamani! Aliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti.

Mafunzo yakaanza, na mafunzo yetu mnayajua. Siku ya kwanza, utambulisho. Siku ya pili, picha ya pamoja, ikarudiwa kwa sababu Profesa Lwitiko, mkuu wa taasisi, alifumba macho. Siku ya tatu mwalimu akasema, "Ndugu zangu, kabla ya programu yoyote, ulizeni kwanza data ilipatikanaje." Wakaitikia, "Sawa, mwalimu," kisha wakaenda kuchagua rangi za grafu. Rangi zilichukua siku mbili.

Dokta Ambakisye, kijana mwepesi wa vidole, akaandika programu ya mistari arobaini. Programu ikasoma rekodi mia mbili na kumi na mbili za wagonjwa, ikachora. Lo! Rekodi za saa tatu asubuhi, shwari. Rekodi za saa tano, shwari. Rekodi za saa nne karibu zote zina wimbi kubwa, linapiga mara hamsini kwa sekunde, utadhani limelipwa.

Profesa akasimama. "Tumegundua! Ubongo wa mtu wa nyanda za juu huamka saa nne!" Akalipa wimbi jina, na kwa unyenyekevu wake akaliita Wimbi la Lwitiko. Makofi!

Sekela alikuwa benchi la nyuma, akichangia kompyuta na Dokta Tusajigwe, dada mkimya asiyependa makuu. Akafungua daftari lake, moyo ukamlipuka. Saa nne ilikuwa saa ya chai ya Profesa. Birika lake la umeme lilikaa chumba cha kurekodia, maana ndicho chenye soketi nzima, na waya wake ulipita chini ya kiti cha mgonjwa, ukikumbatiana na nyaya za kofia. Daftari lilisema: "Saa 4, birika limewashwa." Ukurasa baada ya ukurasa. Na siku umeme ulipokatika, mashine ikaendeshwa kwa betri: "Hakuna umeme. Hakuna chai. Prof. amenuna."

Akanyoosha mkono. "Samahani, Profesa. Umeme wa ukutani nao hupiga mara hamsini kwa sekunde. Hilo wimbi ni birika."

"Sista," Profesa akasema taratibu, "hapa tunaongea sayansi."

Watu wakacheka. Tusajigwe hakucheka. Sekela alipotoka kwenda kumvua mgonjwa kofia, Tusajigwe akalichukua daftari, akaliingiza lote kwenye kompyuta. Hakuomba ruhusa. Akalinganisha: penye birika, wimbi lipo, umeme ukikatika, wimbi hakuna. Kisha akaandika chujio lililoondoa wimbi la chai kwenye kila rekodi bila kutupa hata moja.

Chini ya wimbi wakaona jambo. Kulikuwa na rekodi ya binti wa miaka tisa, aliyerudishwa nyumbani, mama yake akaambiwa mtoto anajifanyisha. Chai ilipochujwa, dalili za kifafa zikaonekana waziwazi. Na daftari, kwenye mstari wa binti huyo, lilisema: "Saa 4:10, mkono wa kushoto umechezacheza. Nimemwambia Prof. Amesema niongeze sukari." Sekela aliposomewa mstari wake mwenyewe alilia. Binti akaitwa, akaanzishiwa dawa, na Wimbi la Lwitiko likazikwa bila matanga.

Siku ya mwisho mwalimu akaweka mezani barua yenye nafasi ya jina moja. "Kila mmoja aseme haki yake."

Ambakisye akasema, "Bila programu yangu mngeinywa ile chai mpaka mstaafu. Mimi ndiye niliyelitoa wimbi gizani."

"Na makofi hukulipigia?" mwalimu akauliza.

"Nilipiga, kama wengine."

Tusajigwe akasema, "Programu yake iliona, haikuelewa. Daftari lilielewa, halikusema. Mimi niliviunganisha, na mtoto leo anatibiwa."

"Na daftari uliliomba?"

Tusajigwe akainama. "Niliogopa kunyimwa."

Sekela akasimama. "Programu yangu mimi mpaka leo inakataa kufunguka. Lakini kila mlichokisoma ni mkono wangu. Nilijua kabla yenu wote."

"Ulijuaje?"

"Fundi wa mashine aliniambia mwaka wangu wa kwanza: umeme usiukaribishe kwenye kofia. Nikamwambia Profesa. Nikaambiwa nisipangie watu pa kunywea chai."

"Na birika nani alikuwa akiliwasha?"

"Mimi," akasema Sekela. "Kila siku. Sikusema mara ya pili."

Hapo Profesa naye akakohoa. Akasema haki itendeke, maana bila chai yake wangegundua nini?

Mwalimu akashika kalamu. Saa ya ukutani ilikuwa inaingia saa nne. Wote wakaligeukia birika, sasa limehamishiwa darasani, na hakuna aliyelisogelea. Sekela alilifumbata daftari lake kwa mikono miwili, macho kwenye ile barua.

Haya, nyie mliokaa mkacheka na kujiona wajanja, sasa zamu yenu. Yuko aliyelionyesha wimbi bila kulijua. Yuko aliyelijua akalichemsha miaka kumi na moja. Yuko aliyemwokoa mtoto kwa daftari la kunyakua. Kalamu iko juu ya karatasi, wino unakauka. Na asithubutu mtu kunitajia Profesa. Je, jina la nani liandikwe?