Barafu Isiyotoa Jasho

Hapo zamani, enzi ambazo nyinyi wajuaji mlikuwa hamjajua hata kujifuta kamasi, palikuwa na Daktari Nyamizi. Mama yake aliuawa na saratani ya shingo ya kizazi, ile iletwayo na kirusi. Nyamizi akaapa kukikomesha. Miaka kumi na moja akaisaka chanjo. Ndoa ikamshinda, mvi zikamwota, chanjo akaipata!

Boksi la kwanza likapangiwa wasichana wa kijiji cha Mwamapuli, akiwemo Kabula, binti wa kaka yake. Chanjo ile haitaki joto, lakini ikiganda ndiyo hufa kabisa. Kwa hiyo barafu ya kupozea boksi ikitoka kwenye friza huachwa kwanza itoe jasho, isije ikaigandisha, ndipo ipangwe na chupa. Nyamizi alilijua hilo kuliko wote. Ila siku ile jua liliwaka, akamfokea Lushinge, mtunza stoo: "Pakia, bwana! Unangoja ichemke?"

Lushinge akapakia.

Kule Mwamapuli, nesi Ngollo akatikisa chupa. Chengachenga zikazama chini, alama ya kuganda. Chanjo imekufa! Akachungulia nje: wasichana arobaini kwenye foleni, wazazi wamebembelezwa mwezi mzima, maana walishaambiwa sindano ile inaua uzazi. Akiwarudisha, hawaji tena. Akachoma. Akaandika: wamechanjwa. Akangojea boksi jingine awarudie kimyakimya. Halikuja. Nani huwaletea chanjo waliokwisha kuchanjwa?

Miaka kumi na minane ikapita. Kabula, hana baba, hana mume, yuko kitandani na saratani ya bibi yake, mwanawe wa miaka miwili akimchezea vidole. Ngollo akashindwa kuvumilia, akawaita Nyamizi na Lushinge kitandani pale, akatoboa yote.

"Mwanangu, nilichelea joto," akasema Nyamizi. "Ningejua..."

"Ulijua, Daktari," akadakia Lushinge. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Na ukafundishika, ukapakia!"

"Nimbishie aliyeitengeneza? Mimi nani?"

Ngollo akalia: "Mimi ningewarudisha, wasingekuja tena."

"Wote, nesi?" Kabula akauliza. "Hata mimi, mwenye shangazi daktari?"



"Mwanangu alelewe na mmoja wenu," akasema Kabula. "Yule ambaye hakuniua."

Nyamizi akamnyooshea mtoto mikono. Ikaishia njiani.

Adhuhuri Kabula akakata roho, jina hakulitaja. Mtoto yuko sakafuni analia. Watatu wamesimama, hakuna anayethubutu kuinama.

Haya, midomo mirefu, semeni: nani kati yao hakumuua Kabula? Je, mtoto anyanyuliwe na nani?